Jasho la Mfungwa

Julai 2018, alipokuwa akimwapisha Phaustine Kasike kuwa Kamishna Jenerali wa Magereza, Rais John Magufuli alitoa kauli iliyozunguka nchi nzima. Ni aibu, alisema, kwa taifa kuendelea kuwalisha wafungwa. Wafanye kazi usiku na mchana, wajilimie chakula chao, na atakayeleta uvivu apigwe mateke. Watetezi wa haki za binadamu walishtushwa na hayo mateke, na walikuwa na kila sababu. Mtaani hali ilikuwa nyingine. Wengi waliafiki, maana hasira ile wanaijua. Mfugaji wa Chamwino aliyeamka akakuta zizi tupu, akahangaika polisi na mahakamani hadi mwizi akafungwa, ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake sasa imnunulie mwizi huyo unga na maharage.

Swali lake ni la kweli na linastahili jibu. Jibu langu ni kwamba mfungwa afanye kazi, tena kazi ya maana. Nisipokubali ni pale jasho lake linapoingia kwenye biashara ya kampuni bila kuwekewa bei. Hapo hatumwadhibu tena mwizi wa ng'ombe. Tunampa mtu wa tatu, ambaye hakuibiwa chochote, faida ambayo hakuitolea jasho.

Kabla ya kuendelea, tusiwachanganye watu wawili wanaolala chini ya paa moja. Mfungwa ameshahukumiwa. Mahabusu anasubiri kesi, na mbele ya sheria bado hana hatia. Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa kiasi cha nusu ya watu wote waliomo magerezani Tanzania. Hawa hawalazimishwi kufanya kazi. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinasema mahabusu anaweza kupewa nafasi ya kufanya kazi akitaka, na akifanya alipwe. Kwa hiyo yeyote anayepiga hesabu ya "nguvu kazi iliyolala magerezani" kwa kuhesabu vichwa vyote, amekwisha kukosea katika mstari wa kwanza.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua ya Dodoma kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Ukikosea wiki mbili za kupanda umekosa mwaka. Ndiyo maana genge la wafungwa hutoka alfajiri. Wanachuchumaa wawili wawili langoni, askari anapita akihesabu, nyapara anaitikia idadi, halafu jembe begani. Sare za rangi ya chungwa zinaonekana kutoka mbali kwenye udongo mwekundu. Shambani nyapara, ambaye naye ni mfungwa, ndiye anayepima matuta na kusukuma kasi. Askari anasimama kivulini na bunduki. Kabla ya kurudi wanachuchumaa tena na kuhesabiwa tena. Kazi ya siku nzima inaanza kwa kuhesabu watu na kuishia kwa kuhesabu watu. Hakuna saa ambayo mtu anaandikiwa amepata nini.

Sisemi kazi hii haina faida kwa anayeifanya. Mtu aliyefungiwa chumba kilichosongamana, asiye na la kufanya kuanzia asubuhi hadi jioni, anaharibika akili, na ndani ya uvivu huo ndipo ugomvi na ubabe unapozaliwa. Wafungwa wengi wanapenda kutoka nje kwa sababu nje kuna hewa, kuna jua, kuna watu wa kuwaona. Kazi na tabia njema huhesabiwa pia katika msamaha wa theluthi moja ya kifungo ambao Sheria ya Magereza inautoa. Na kuna ujuzi. Magereza wana chuo cha ufundi Ruanda, Mbeya, na karakana za useremala na ushonaji katika magereza mengine. Aliyeingia hajui kushika randa akatoka anaweza kutengeneza mlango unaofungika, huyo amepata kitu ambacho kijiji chake kitakihitaji. Lakini ujuzi wa kupalilia kwa jembe la mkono, kijana wa Kongwa au Mpwapwa alikuwa nao kabla hajafungwa. Tukimpalilisha miaka mitatu tusiseme tumemfundisha.

Kampuni zinaingia wapi? Tanzania haijawahi kuyabinafsisha magereza yake kama walivyofanya Wamarekani. Njia yetu ni nyingine. Magereza wana shirika lao la uzalishaji mali, lililotokana na sheria ya mwaka 1974, ambalo linaendesha mashamba, mifugo na viwanda. Shirika hilo ndilo limekuwa mlango wa ubia. Pale Moshi, Gereza la Karanga limekuwa likitengeneza viatu kwa miongo kadhaa. Kisha mfuko wa hifadhi ya jamii ukaingia, mashine mpya zikaletwa, na Oktoba 2020 Magufuli akazindua kiwanda kikubwa cha bidhaa za ngozi chenye uwezo wa jozi milioni 1.2 za viatu kwa mwaka. Hisa: mfuko huo, PSSSF, asilimia 86, Magereza asilimia 14. Huko Mbigiri, Morogoro, kwenye ardhi ya gereza, limeota shamba la miwa na kiwanda cha sukari cha Mkulazi, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua Agosti 2024. Hisa: mfuko mwingine wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 96, shirika la Magereza asilimia 4.

Hapa ndipo hoja ya wanaounga mkono kampuni ina nguvu kuliko popote, na ni lazima niitendee haki. Gereza peke yake lisingepata mashine zile. Bajeti ya serikali inalisha, inavisha, inalipa askari, na basi. Mtaji wa nje ndio unaogeuza karakana ya nyundo na gundi kuwa kiwanda, na kiwanda ndicho kinachoweza kumpa mfungwa ujuzi unaouzika mjini. Ukiukataa ubia kabisa, unamrudisha mfungwa kwenye jembe.

Lakini zitazame tena hizo asilimia. Tisini na sita kwa nne, themanini na sita kwa kumi na nne, jumla mia kila mahali. Ardhi imehesabiwa, mashine zimehesabiwa, fedha zimehesabiwa. Hakuna fungu la mfungwa, hata nusu asilimia. Na wenye hisa kubwa ni mifuko ya pensheni, yaani fedha za uzeeni za walimu, wauguzi na wafanyakazi wa viwandani. Ni mifuko iliyoundwa kwa imani kwamba anayefanya kazi leo asiachwe mikono mitupu kesho. Mfungwa anayefanya kazi katika mradi wa aina hii hachangiwi senti kwenye mfuko unaoumiliki. Miaka kumi ya kazi, naye mbele ya hifadhi ya jamii ni mtu ambaye hajawahi kufanya kazi.

Sheria zetu zinasemaje? Katiba, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti, kisha inaitoa kazi inayotokana na hukumu ya mahakama. Wengi huishia hapo na kufunga kitabu. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaongeza sharti: kazi ya aliyehukumiwa haihesabiwi kuwa ya shuruti endapo tu inafanyika chini ya usimamizi wa mamlaka ya umma, na mtu huyo hakukodishwa wala hakuwekwa mikononi mwa watu binafsi. Sharti hilo halikutungwa Dodoma. Linatoka katika Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Tanganyika iliuridhia Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru. Nadhani waasisi wa nchi hii walikuwa na sababu ya kuuharakisha. Walikuwa wametoka kwenye utawala ulioijua vizuri njia ya kupata kibarua wa bure.

Wajerumani waliwafunga wafungwa minyororo shingoni na kuwatembeza hivyo kwenye kazi za boma na barabara. Waingereza wakaja na utaratibu wa kistaarabu zaidi kwenye karatasi: asiyeweza kulipa kodi ya nyumba au ya kichwa aliweza kutozwa kwa kazi. Fikiria maana yake Ugogo, eneo la Dodoma, nchi iliyokuwa imetoka kwenye Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza iliyofukuza watu kwenye vijiji vyao. Mtu hana ng'ombe wa kuuza, hana mtama ghalani, kodi inadaiwa. Umaskini wake ndio unaomfanya kuwa mdaiwa, na deni lake ndilo linaloipatia serikali mtu wa kubeba mawe. Wamarekani waliifikisha biashara hiyo mbali zaidi. Marekebisho ya 13 ya Katiba yao, mwaka 1865, yalifuta utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa. Majimbo ya kusini yakaitumia nafasi hiyo: watu weusi walikamatwa kwa uzururaji na makosa madogo madogo, wakakodishwa kwa wenye migodi, mashamba na reli. Alabama, jimbo la mwisho kuuacha mtindo huo, liliuacha mwaka 1928. Jela ikishakuwa na mteja anayesubiri watu, polisi hupata sababu za kukamata. Sisi nasi tunalo kosa la uzururaji katika Kanuni ya Adhabu.

Mtu atasema: hizo ni kampuni za kibepari, zetu ni za umma, mwenye mali ni mfanyakazi mwenyewe kupitia mfuko wake. Hilo ndilo swali gumu la sura hii. Je, kampuni yenye hisa, inayouza viatu na sukari sokoni ikishindana na kampuni nyingine, ni mamlaka ya umma au ni mtu binafsi? Kwa maoni yangu, jibu lisitafutwe kwenye jina la mwenye hisa. Litafutwe kwenye soko. Kitu kikiuzwa dukani kwa bei ya dukani, aliyekitengeneza alipwe kwa kipimo cha kazi. Kanuni za Mandela zinaelekea huko huko: mfungwa akifanya kazi kwa mwingine asiye idara ya serikali, ujira kamili wa kawaida ulipwe kwa magereza; naye mfungwa apate malipo ya haki, sehemu atumie, sehemu apeleke nyumbani, sehemu atunziwe hadi siku ya kutoka.

Nimeichagua Dodoma kuwa kituo cha sura hii kwa sababu hapa kishawishi ni kikubwa kuliko kwingine. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, ukalala miongo minne, kisha mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli. Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Mji wa Serikali ukachomoza Mtumba, uwanja mpya wa ndege ukaanza kujengwa Msalato, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ikaanza kuuzunguka mji. Magereza nao makao makuu yao yako hapa. Mji unaojengwa kwa kasi hiyo unataka mchanga, matofali na kokoto, na unataka mikono ya bei nafuu.

Mikono hiyo ipo tayari, na ni huru. Kwenye miamba inayouzunguka mji kuna akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo. Jiwe linawekwa juu ya jiwe kubwa, linazungushiwa pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi bovu ili vipande visirukie macho, kisha linapigwa hadi livunjike kwa kipimo kinachotakiwa. Kokoto inauzwa kwa ndoo, ikikusanyika inauzwa kwa tipa. Mama huyo halipwi kwa saa alizokaa juani. Analipwa kwa ndoo zilizojaa, na bei anaitaja mwenye tipa.

Tupige mfano wa hesabu, mfano tu. Kibarua huru analipwa shilingi 7,000 kwa siku. Mkandarasi anahitaji watu 40 kwa siku 100: milioni 28. Akipatiwa wafungwa 40 kwa malipo ya shilingi 2,000 kwa kichwa, analipa milioni 8. Milioni 20 amebaki nazo. Magereza wamefurahi kwa sababu wamepata milioni 8 ambazo hawakuwa nazo. Mkandarasi amefurahi zaidi. Walioumia ni vibarua 40 waliokosa kazi na familia zao, pamoja na wote watakaoambiwa mwezi ujao kwamba bei mpya ya kibarua ni shilingi 4,000, ukitaka uchukue, hutaki wapo wengine. Kwa hiyo anayedai mfungwa alipwe ujira wa soko anamtetea pia mama wa kokoto.

Na kuna tofauti moja kati ya mfungwa na kibarua huru ambayo haifutiki kwa ujira mkubwa kiasi gani. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai nyongeza, na mgomo ukapanda na reli ya kati kuja bara. Ulifika hadi Kongwa, ambako mwaka huo huo Waingereza walikuwa wameanzisha mradi wao mkubwa wa karanga. Mradi ulikuwa na matrekta, wataalamu na mamilioni ya pauni, na bado ulilazimika kuwasikiliza watu wenye majembe kwa sababu watu hao waliweza kuweka majembe chini. Mfungwa hawezi. Akiweka jembe chini ni kosa la nidhamu, na theluthi yake ya msamaha iko hatarini. Kampuni yenye wafanyakazi wasioweza kugoma haitajua kamwe kama inawalipa vya kutosha, kwa hiyo lazima mtu mwingine, mwenye mamlaka na asiye na maslahi, aseme kwa niaba yao.

Uganda wanatuonyesha kinachotokea mtu huyo asipokuwepo. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya magereza ya huko. Lilikuta wafungwa wakipelekwa kwenye mashamba ya watu binafsi, wagonjwa wakilazimishwa kulima, wanaochelewa wakipigwa, na sehemu ya fedha za wakodishaji ikiishia mifukoni mwa maofisa. Hayo hayakuhitaji sera mbaya ya taifa. Yalihitaji mkuu wa gereza la mbali, jirani mwenye shamba kubwa, na daftari ambalo hakuna anayelikagua. Nyanda za kati zina magereza ya mbali pia.

Niurudie mfano wa mfugaji, maana hapa ndipo naona jibu lake. Mahakama zetu zina uwezo, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyemkosea. Amri hutolewa; kulipwa ni kazi nyingine, kwa sababu aliyefungwa hana kipato. Mfungwa akilipwa ujira halisi, ujira huo unagawanyika: sehemu inarudi serikalini kugharimia chakula na malazi yake, sehemu inakwenda kwa aliyeibiwa, sehemu kwa mke na watoto ambao hawakuiba kitu, sehemu inatunzwa. Mateke hayajawahi kumrudishia mtu ng'ombe wake. Ujira unaweza, polepole.

Najua pingamizi lililo karibu: nchi maskini haiwezi. Ujerumani si maskini, na hata wao wamelazimishwa na mahakama. Juni 2023 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba malipo ya wafungwa katika majimbo mawili, kati ya yuro 1.37 na 2.30 kwa saa, yanavunja katiba, kwa kuwa kama lengo la kifungo ni kumrekebisha mtu, basi kazi lazima imwonyeshe kuwa jasho la halali linalipa. Hoja hiyo haihitaji utajiri. Katika ubia wa kampuni, anayelipa ni kampuni inayouza bidhaa, wala si Hazina. Kampuni isiyoweza kumlipa anayeishonea viatu haina biashara. Ina ruzuku iliyofichwa.

Usalama nao. Mfanyakazi wa kiwandani akikatwa kidole na mashine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili yake. Mfungwa hana mkataba wa ajira, na Kanuni za Mandela zinataka alindwe na kufidiwa kwa masharti yasiyopungua ya mtu huru. Kidole kikikatika gerezani hakioti tena mtu akitoka.

Jambo jingine linaniuma kuliko yote niliyotaja. Kampuni nyingi, za umma na za binafsi, zinamtaka mwombaji wa kazi alete cheti cha polisi kuonyesha kwamba hana rekodi ya jinai. Mtu ameshona viatu miaka sita gerezani, viatu vimeuzwa, wateja wameviridhia. Siku anatoka, anakwenda kuomba kazi ile ile ya kushona viatu, anaambiwa alete cheti ambacho hawezi kukipata. Mikono yake ilikuwa safi ilipokuwa bure. Kampuni yoyote inayotumia kazi ya wafungwa ingetakiwa, kwa maandishi, itenge nafasi za ajira kwa waliomaliza kifungo, na isiwadai cheti hicho kwa kazi walizokwisha kuzifanya mikononi mwake.

Mkataba wa namna hiyo hauhitaji kusubiri sheria mpya. Unahitaji vifungu vichache: mfungwa akubali kwa hiari na akikataa asinyimwe msamaha wake, ujira uwe ule wa soko na ulipwe kwenye akaunti yenye jina lake, ajali ifidiwe, mkaguzi wa kazi aingie bila taarifa kama anavyoingia kiwanda kingine chochote, mkataba wenyewe uwe waraka wa wazi. Kila mwaka bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani inasomwa bungeni, hapa hapa Dodoma, na kila mwaka tunasikia ekari zilizolimwa, tani zilizovunwa, viwanda vilivyoongezwa. Mbunge mmoja anaweza kusimama wakati wa maswali akaomba jedwali la safu tano kwa kila mradi wa ubia: wafungwa wangapi walifanya kazi, siku ngapi, wangapi waliumia, kampuni ililipa kiasi gani, na katika hicho mfungwa alipata kiasi gani.